Jinsi ya Kuchangisha Dunia Nzima kwa Bidoni Tatu za Mawese

Weka simu chini kwanza. Najua umeishika, na najua umeshapiga picha: umevaa suti ya kaka yako, umeegemea gari la jirani kule Himbi, ziwa linang'aa nyuma yako. Picha ni nzuri, itunze uje uionyeshe siku ya mahari. Lakini kazi tunayoianza leo, ya kuomba watu wa dunia nzima wakuchangie kwa mtandao mtaji wa biashara ndogo, hatua yake ya kwanza inapigwa kwa miguu, juu ya mawe yetu meusi, kuelekea kwa yule mama anayeshika daftari la likelemba mtaani kwenu.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu wa Goma. Mwenzetu wa Nairobi ana njia yake: kule kuna M-Changa, iliyochukua desturi ya harambee na kuipandisha juu ya M-Pesa, mtu akachangia akiwa ndani ya matatu. Mwenzetu wa Paris anafungua ukurasa asubuhi kwa kadi yake ya benki, jioni anahesabu. Sisi tuna volkano, tuna mpaka wenye saa zake, tulifungiwa milango ya benki vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, na tuna noti ya dola ambayo ikipasuka pembeni kiasi cha ukucha inakataliwa hata na muuza ndizi. Ukifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Paris utapotea kabla hujavuka Birere.

Tuchukue biashara moja tuifuate hadi mwisho. Nachagua sabuni ya mawese, kwa sababu nimekaa uani kwa jirani yangu wa Ndosho nikaitazama inavyozaliwa. Jioni anaimimina soda kostiki ndani ya ndoo ya maji, nje, watoto wote wamefukuzwa, maana maji yale yanapata moto yenyewe pasipo jiko na mvuke wake unakwaruza koo. Anaiacha ilale. Asubuhi anapasha mawese, anangoja yapoe, kisha anaitia soda taratibu huku akikoroga upande mmoja kwa mwiko mrefu, nusu saa, wakati mwingine zaidi, mpaka mwiko ukipita uache mstari juu ya uji. Mstari ukibaki, sabuni imekubali. Anaimimina kwenye viunzi vya mbao vilivyotandikwa plastiki, kesho yake anaikata kwa waya, halafu anaipanga juu ya mbao na kungoja wiki nne. Kungoja huko hakukwepeki. Sabuni iliyoharakishwa huchubua mikono, na mteja aliyechubuka hurudi na dada zake wote.

Siku moja akaniambia: "Yaya, mimi sikosi kazi. Nakosa kitu cha kufanya wakati sabuni inakauka." Bidoni moja ya lita 20 inamfanyisha kazi siku mbili na kumkalisha wiki nne. Angekuwa na bidoni tatu, moja ingekuwa inakatwa, nyingine inakauka, ya tatu inauzwa sokoni Virunga, naye asingekaa bure hata siku moja.

Soma tena maneno hayo ya jirani yangu, maana ndani yake mna kampeni nzima. Mtu aliye mbali hawezi kuchangia "kuinua wanawake" wala "kuleta maendeleo Kivu Kaskazini", kwa kuwa hajui hayo yanagharimu kiasi gani wala yataisha lini. Bidoni mbili za mawese anaweza kuzichangia. Anaziona kichwani, za njano, zina vifuniko. Kwa hiyo kabla ya yote tafuta bidoni yako: kile kitu kimoja ambacho ukikipata kesho asubuhi, mchana utakuwa unafanya kazi ambayo jana hukuweza. Kwa fundi cherehani huenda ni cherehani ya pili. Kwa muuza sambaza, wale samaki wadogo, wa Kituku ni chumvi na nyavu za kuanikia. Kwa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni chukudu yake mwenyewe, aache kukodi ya mwenzake na kugawana naye jasho. Kama huwezi kukitaja kwa neno ambalo mtoto wa shule ya msingi analielewa, bado hujakipata.

Sasa twende kwa mama wa likelemba. Mitaani kwetu tunamwita Mama Prezidenti, na cheo hicho amekipata kwa haki kuliko wengi wanaoitwa hivyo. Watu kumi, kumi na watano, wanatoa kiasi kilekile kila juma, na kila juma mmoja anabeba chote. Hakuna wakili, hakuna mkataba, kuna daftari la mistari na kalamu mbili, bluu kwa aliyelipa na nyekundu kwa aliyechelewa. Mwambie: "Mama Prezidenti, nataka dunia inichangie mtaji." Atakutazama kwanza. Halafu atalifungua daftari, na kidole chake kitashuka taratibu hadi kwenye jina lako.

Ukiona nyekundu nyingi, mshukuru, rudi nyumbani, lipa madeni yako, na mwongozo huu uuanze upya baada ya miezi mitatu. Sikufanyii ukali. Kampeni ya mtandaoni huanza kwa watu wanaokujua, na kama watu wanaokujua hawakuamini, huyo wa Montreal atakuamini kwa lipi? Ukurasa unaoonyesha sifuri ni kama kibanda cha mandazi kisicho na mteja: hata mwenye njaa anapita akijiuliza kulikoni. Wahenga walishasema mcheza kwao hutunzwa, na sijasikia kwamba intaneti imeifuta methali hiyo.

Ukiona bluu, omba kitu kimoja tu: mtaa wenu ununue bidoni ya kwanza. Mmoja atoe franka elfu mbili, mwingine dola moja, fundi wa viunzi akupe mbao zilizobaki kwenye kazi yake. Andika kila jina. Siku bidoni inaponunuliwa, piga picha hapohapo: bidoni katikati, watu wameizunguka, Mama Prezidenti ameshika daftari. Hiyo ndiyo picha yako ya kwanza. Ukurasa wako utaanza hivi: "Majirani zangu 42 wamekwisha kununua bidoni ya kwanza. Natafuta watakaonunua mbili zilizobaki." Hakuna suti wala gari litakalosema zaidi ya hapo.

Anayedhani haya ni mambo ya kijijini, yasiyohitajika katika mwongozo wa mambo mapya, nimkumbushe jukwaa lenyewe la mikopo ya mtandaoni lilivyoanza. Kiva ilianza mwaka 2005, na wakopaji wake wa kwanza walikuwa wafanyabiashara 7 wa Tororo, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Wote pamoja walikopeshwa dola 3,500. Matt Flannery na Jessica Jackley, waasisi wake, walipeleka habari hizo kwa ndugu na marafiki zao huko Marekani, hao wakatoa pesa, na katika miezi michache mikopo ikalipwa. Angalia pande zote mbili: Tororo watu waliojulikana mtaani mwao, Marekani watu waliojuana majina. Umati wa wageni ulikuja baadaye, ulipoona njia imekanyagwa.

Habari hiyo ilifika hadi hapa kwetu. Hekima, taasisi ya mikopo midogo ya Goma, ilikuwa miongoni mwa washirika wa Kiva, na kwa njia hiyo akina mama wa masoko yetu walionekana na wakopeshaji wa mbali waliotoa kuanzia dola 25 kila mmoja. Walikopa kwa vikundi, mmoja akidhaminiwa na wenzake, ile likelemba tena ila imevaa viatu. Mambo mawili uyajue kabla hujaifuata njia hiyo. La kwanza, ule ni mkopo na lazima urudi. Mkopeshaji wa Kiva hapati riba, lakini taasisi iliyo kati huwa inamtoza mkopaji riba ili ijiendeshe, basi uliza asilimia kabla ya kutia kidole gumba. La pili, mara nyingi mkopaji alikuwa ameshapewa pesa na taasisi kabla picha yake haijatokea mtandaoni, na michango ya wageni ikaja kuziba pengo. Hakuna ubaya, mradi unajua pesa inatoka mkono gani na inarudi mkono gani.

Wewe hutaki mkopo, unataka mchango. Vema. Hapa ndipo utakapokutana na mlango uliofungwa. Jukwaa la Kickstarter linamtaka mwenye mradi awe mkazi wa nchi zilizo kwenye orodha yake, na Kongo haimo. GoFundMe nayo ina orodha ya nchi ambako pesa inaweza kutolewa, na Kongo haimo. Mtu wa Goma anaweza kutazama, anaweza kusoma, anaweza hata kulia mbele ya kurasa hizo, lakini mfereji wa pesa haumfikii. Inaudhi, nami naona jambo hili limeachwa hivi muda mrefu mno: mji wenye watu wengi wanaoishi kwa biashara ndogo, ulioshika pesa za simu kabla ya miji mingi tajiri, hauna hata kisanduku chake kwenye orodha. Hilo tulidai, tuendelee kulidai. Wakati huohuo sabuni inangoja, kwa hiyo unahitaji mpokeaji.

Mpokeaji ni mtu wako aliye Bulaya au Marekani, mwenye akaunti ya benki kule, atakayefungua ukurasa kwa jina lake na kusema waziwazi kwamba anachangisha kwa ajili yako. Watu wa Kivu waliopewa makazi Marekani ni wengi, na Brussels kuna Wakongo wa kujaza mtaa mzima wa Matonge. Utashawishika kumchagua yule anayependwa sana kwenye grupu la WhatsApp la familia, yule anayetuma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Mpende, lakini usimpe akaunti. Rudi kwa Mama Prezidenti, mwombe daftari la zamani, la miaka ile kabla watu hawajasafiri. Tafuta aliyekuwa analipa kwa bluu akiwa hapahapa, anauza makaa au anashona, hana kitu. Huyo ndiye. Umbali haumgeuzi mtu, unamwongezea tu nauli.

Kisha mtafutie wa pili, wa kuutazama ukurasa pamoja naye, asome kila kiasi kinachoingia na kila kinachotoka. Si kwamba unamtuhumu wa kwanza. Unamlinda, ili siku mjomba mmoja atakapouliza kwa sauti kubwa kwenye matanga pesa zilikwenda wapi, awe na shahidi.

Na andikeni majina vizuri. Hili nalisema nikiwa na kidonda. Tulipofanya kampeni yetu ya kwanza, fomu ya jukwaa ilikuwa na masanduku mawili ya jina. Sisi tuna majina matatu: la ukoo, la nyongeza tulilorithishwa na siasa ya Mobutu ya miaka ya 1970 ya kurudi kwenye asili, na la ubatizo. Kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, inayapanga matatu hayo kwa mpangilio wake. Mpokeaji wetu aliandika mawili kwenye ukurasa, akatuma picha ya kadi ya jirani yangu yenye matatu, na jukwaa likaona watu wawili tofauti. Pesa ikazuiwa wiki tano. Wiki tano hizo jirani yangu alipita barabarani akisalimiwa kama tajiri, kwa sababu kiasi kilichochangwa kilikuwa kinaonekana na kila mwenye simu, na hakuwa na hata franka ya kununua soda. Kwa hiyo, kabla ya kufungua ukurasa, wekeni kadi mezani, someni jina herufi kwa herufi, na mpokeaji aandike lilelile kila mahali, hata likijaa sanduku likamwagika.

Hesabu sasa, na hii ni fupi. Marekani, GoFundMe hukata asilimia 2.9 na senti 30 juu ya kila mchango. Tuseme unatafuta dola 400. Zikiletwa na watu 20, kila mmoja dola 20, makato ni dola 17.60. Zikiletwa na watu 80, kila mmoja dola 5, makato ni dola 35.60. Kiasi kilekile, mdomo mara mbili. Na bado hujalipa gharama ya kuituma kuja huku. Ndiyo maana zile franka elfu mbili za majirani zako usizipitishe mtandaoni ati ili namba ipande. Dola ndogo zikusanywe kwa mkono, nyumbani, ambako hazitozwi kitu. Mtandaoni omba kuanzia dola 20, usione aibu, na useme dola 20 inageuka nini: hii ni nusu ya mfuko wa soda, hii ni viunzi viwili. Bei ulizia sokoni siku hiyohiyo, usizitunge. Mchangiaji wa kwanza kukuuliza atakuwa mtu wa Goma aliyehama, na bei za hapa anazijua kuliko wewe.

Tumefika kwenye maneno na picha, na hapa naomba uketi, maana hapa ndipo watu wetu wanaumizwa na wanajiumiza.

Utaambiwa ulie. Mtu atakushauri upige picha mbele ya hema, umvue mtoto viatu, uandike vita, volkano, kipindupindu, vyote katika sentensi moja. Atakwambia wazungu wanatoa kwa machozi. Nimeishi Goma. Nilikuwa hapa tarehe 17 Januari 2002 lava ilipopita katikati ya mji, na 22 Mei 2021 iliposhuka tena usiku ikasimama pembezoni. Nimeona kambi za waliokimbia vita zikijaa Kanyaruchinya na Bulengo. Sisemi tufiche. Nasema dunia imekwisha kuiona Goma ikilia, picha hizo ziko kwa maelfu, na anayezitazama hutoa mara moja, kwa huruma, kisha hufunga ukurasa ili asitazame tena. Mwenye duka hawezi kuishi kwa mteja asiyetaka kurudi.

Isitoshe, si kweli kwamba ndivyo tulivyo. Mwaka 2002 watu walirudi mawe yakiwa bado na moto ndani. Walisawazisha lava, wakapanga meza juu yake, wakauza unga. Nyumba ngapi za mji huu zimejengwa kwa mawe yaleyale yaliyozimeza nyumba za kwanza? Hiyo ndiyo habari ya kumpa mtu wa mbali. Mpe mwanamke aliyesimama, mikono ina glavu, mwiko ndani ya sufuria, anatazama kazi yake hata hana habari na simu yako. Piga picha asubuhi, mlangoni, mwanga ukitoka upande. Ule mstari wa mwiko juu ya uji wa sabuni uupige karibu kabisa, kwa kuwa hakuna mtu Brussels aliyewahi kuuona, na atauliza ni nini. Akiuliza, mmekwisha kuanza kuongea.

Andika kwa Kiswahili kwanza. Kiswahili unachoongea dukani, usikipige pasi. Halafu mtu mwenye Kifaransa safi atafsiri, na mwenye Kiingereza atafsiri, lakini cha Kiswahili kibaki juu. Ndugu zetu wa mbali watakisoma, watasikia sauti ya mtaa wao, na hao ndio watakaotoa wa kwanza. Na kabla ya siku ya kufungua, wapigie kumi kati yao, kwa sauti, si kwa ujumbe wa kusambaza. "Alhamisi nafungua. Naomba uwe miongoni mwa watano wa kwanza." Mtu hukataa ujumbe kwa urahisi sana, lakini kumkatalia shangazi yake aliye hewani ni kazi ngumu.

Ukurasa ukishafunguka, usinyamaze. Kwa hili mwalimu wetu yuko jirani, ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwaka 2007, mwaka ule ngagi, yaani gorila, wa familia ya Rugendo walipouawa na mzee wao Senkwekwe akiwa mmojawapo, walinzi wa hifadhi walikuwa wanaandika mtandaoni kupitia WildlifeDirect, shirika la Richard Leakey. Waliandika yaliyotokea leo: leo tumefika hapa, leo gari limekwama, leo mtoto wa ngagi amekunywa maziwa. Watu wa nchi za mbali wakasoma na kuchangia, na wakarudi tena, kwa sababu kila waliporudi walikuta kuna jipya. Wewe una sabuni inayokauka kwa wiki nne, na kila wiki ina kitu cha kuonyesha. Wiki ya kwanza ni laini na ina rangi ya chungwa, wiki ya tatu imepauka, wiki ya nne ukiigonga kwa kidole inalia kama ubao. Video ya sekunde kumi inatosha. Usiwe mtu wa kuandika "Mungu awabariki wote" kila siku na mikono mitatu ya kusali. Mungu ameshasikia, sasa wachangiaji nao wanataka kusikia sabuni.

Suala la zawadi. Miongozo ya Ulaya inasema kila mchangiaji atumiwe kifaa kidogo cha shukrani. Ukijaribu kutuma kipande cha sabuni kutoka Ndosho hadi Liège, nauli yake itanunua bidoni ya nne. Fanya hivi: mchangiaji wako wa kwanza ana mtu wake Goma. Ana mama Majengo, ana shangazi Katindo, ana mwalimu wake wa zamani Mabanga. Muulize. Andika jina na mtaa daftarini. Zawadi utaipeleka kwa miguu.

Pesa sasa. Ikishatoka kwenye jukwaa na kuingia akaunti ya mpokeaji, bado ina safari. Benki zilipofungwa, wengi wetu tulijifunza kuvuka hadi Gisenyi, Rwanda, kuchukua pesa zetu wenyewe, kitambulisho mkononi, foleni kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière pamoja na akina mama waliobeba nyanya. Wengine walitumiwa kwa simu, Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, wakakuta mwenye kibanda anataka asilimia kubwa kuliko zamani kwa sababu noti ni chache. Njia zote mbili zina gharama, na gharama hiyo iandike kwenye ukurasa tangu siku ya kwanza, kwa namba, isije ikaonekana baadaye kama wizi.

Ukipewa noti, usiwe na haraka. Mtazame mchuuzi wa dola anavyofanya nawe ufanye vilevile mbele yake. Anaiinua noti kwenye mwanga. Anapitisha ukucha ukingoni, pande zote nne. Anaikunja kidogo pale katikati ambako noti hufa kwanza. Akiona mpasuko mdogo kuliko punje ya mchele anakurudishia bila neno. Basi nawe rudisha bila neno. Noti ya dola 50 uliyoipokea kwa haya ya kukagua mbele za watu utakaa nayo hadi Pasaka.

Na usilale nayo. Kumbuka kiasi chako kiko wazi mtandaoni, na mji wetu usiku si salama. Siku pesa inapoingia, tangazo liwe bado halijatoka. Nenda na watu wawili, mchana, moja kwa moja kwa muuza mawese. Ijumaa usiku mwizi anaweza kuingia na kutoka na dola 380 ndani ya soksi. Bidoni mbili za lita 20, zimejaa, haziingii kwenye soksi, na anayetembea nazo usiku wa manane mtaa mzima unamsikia anavyohema. Bidoni zikishakaa ndani, mfuko wa soda umefungwa mahali pakavu mbali na watoto, risiti imepigwa picha, hapo ndipo unaandika kwenye ukurasa: tumenunua.

Kisha unakoroga. Jirani yangu alikoroga, mwaka huo baada ya zile wiki tano, na Mama Prezidenti alikuja kukaa uani kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, ingawa hakuna aliyemwita. Walipofika kwenye ule mstari wa mwiko alisimama akaenda kuutazama karibu, akarudi kukaa, hakusema kitu.

Wiki ya tano tulianza kugawa. Nilibeba vipande vinne ndani ya karatasi ya gazeti hadi Katindo, kwa shangazi wa kijana mmoja anayefanya kazi ya usiku huko Brussels. Mama yule alivipokea kwa mikono miwili, akavinusa, akauliza nani ametuma. Nikamtajia jina la mwana wa ndugu yake. Akaingia ndani, akarudi na beseni na kitambaa cheupe, akaanza kufua papo hapo mlangoni, mimi nikiwa bado nimesimama. Povu lilipopanda akaniomba nishike simu, nimpige video, na akamwita yule kijana kwa jina lake la utotoni, akamwambia mawese haya ni mazuri, na kwamba vipande vikiisha atanunua mwenyewe, aonyeshwe tu nyumba iko wapi.